Uozo wa mizizi (Armillaria)

Uozo wa mizizi ni ugonjwa wa miti unaosababishwa na kuvu wa jenasi Armillaria. Afrika Mashariki hushambulia misonobari, migrivea, michai na mibuni. Kuvu huyu huishi miaka mingi ndani ya visiki na mizizi ya msitu wa asili uliofyekwa. Mzizi wa mche mpya ukigusana nayo, ugonjwa huvuka. Mti hupauka, hupukutisha majani, kisha hukauka ukiwa wima. Dalili ya kuaminika iko shinani: ukibandua gome utakuta utando mweupe wenye harufu ya uyoga. Miti hufa kwa vikundi kuzunguka kisiki kimoja, na wengi hulaumu mchwa, ambao mara nyingi hufika baadaye.

Kunyunyizia dawa hakusaidii. Miaka ya 1930, R. Leach, akichunguza michai ya Nyasaland (sasa Malawi), alionyesha kwamba kuchubua gome la mti kwa kuuzunguka, muda kabla ya kuukata, humaliza wanga mizizini na kumnyima kuvu chakula. Mkulima wa Kihanga, Karagwe, anayetaka kupanda misonobari palipokuwa na msitu, ang'oe kwanza visiki pamoja na mizizi yake, avichome.