Sikukuu ya miti ya Noeli kwa kukusanya feza za msaada: namna ya kuipanga Kolwezi

Mti wa Noeli si kitu kigeni hapa kwetu. Kuanzia mwisho wa mwezi wa 11, sapini za plastiki zinasimama mbele ya magazini, kwenye hoteli, hata ndani ya benki. Lakini kuna miji ambako miti hiyo haisimami bure. Inapambwa, watu wanalipa kuiangalia, kisha inauzishwa, na feza zote zinaenda kwa wagonjwa ao kwa yatima.

Mfano unaojulikana sana ni wa Salt Lake City, katika jimbo la Utah, inchi ya Marekani. Huko sikukuu ya miti ilianza mwaka 1971 kwa kusaidia hospitali ya watoto, na inafanywa mpaka sasa. Kazi yenyewe ni nyepesi kuelewa. Kila kundi (jamaa, duka, shule, kanisa) linachukua mti mmoja na kuupamba kwa makuta yake lenyewe. Miti yote inawekwa pamoja, watu wanaingia kwa tiketi, kisha miti inauzishwa kwa mnada. Jamaa zingine zinapamba mti kwa kumkumbuka mtoto wao aliyekufa. Mwenye kununua anaweza kuubeba kwake, ao kuutoa zawadi kwa hospitali.

Mnada kama huo hautashangaza mtu Kolwezi. Wenye kusali wanajua sikukuu ya mavuno: mkungu wa ndizi ao kuku anasimamishwa mbele, huyu anataja bei, yule anapandisha, na kuku wa kawaida anaondoka kwa bei ya mbuzi. Hakuna anayelia hasara, maana kila mtu anajua feza zinaenda wapi.

Kwa wengi wetu, "arbre de Noël" ina maana ingine: ni siku ambapo kampani inaita watoto wa wafanyakazi wake na kuwapa zawadi. Jambo zuri, lakini lina ukuta. Mtoto ambaye baba yake ni mchimbaji wa mkono, ao hana kazi kabisa, anabaki inje ya lango. Sikukuu ya kata nzima inafungua lile lango. Hapo ndipo tunaona faida yake, kuliko katika mapambo.

Mti gani?

Sapini ya plastiki inafaa, na inarudi mwaka unaofuata. Kukata sipresi ao pini mbichi hatukushauri. Miti ya miombo kuzunguka mji imekwisha kuliwa na makala, na ni vibaya kukata mti juu ya kusaidia watu ambao kesho watakosa kivuli.

Kuna njia ya tatu, na kwa maoni yetu ndiyo inayofaa zaidi hapa: mche hai ndani ya ndoo ao kopo kubwa. Katika inchi yetu tarehe 5 mwezi wa 12 ni siku ya kitaifa ya mti. Tena ni wakati wa mvua. Mche unaopambwa wiki hiyo unaweza kupandwa mara moja baada ya Noeli, na mvua itaunywesha mpaka mwezi wa 4. Avoka na maembe zinashika vizuri. Anayetaka mti wa asili, kama masuku, ajue kwamba mizizi yake inaishi pamoja na uyoga wa udongoni. Achote udongo kidogo chini ya mti mkubwa wa masuku na kuuchanganya ndani ya ndoo, bila hiyo mche unadumaa. Miti ya matunda isipandwe kwenye udongo uliomwagwa na migodi. Hiyo kila mkaaji wa hapa anajua sababu.

Mapambo nayo yasitoke yote katika kartoni za duka. Katanga ina ufundi wake: shaba iliyopondwa kwa nyundo, malakiti, na ule msalaba wa shaba ambao babu zetu waliutumia kama feza kabla ya wazungu kufika. Misalaba midogo ya waya wa shaba kwenye mche wa avoka itapata bei kuliko mipira ya plastiki. Waya ununuliwe kwa njia ya halali, usitoke kwenye nguzo za SNEL.

Kartasi na sheria

Kama sikukuu inafanyika inje, barabarani ao uwanjani, Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006, kifungu cha 26, inaomba wenye kupanga wajulishe mamlaka kwa barua. Andikeni mapema kwa meya, na kopi kwa burgumestre wa Dilala ao wa Manika, muweke kopi yenye mhuri wa kupokelewa. Tena mlete habari kwa polisi na kwa shefu wa kata, hata kama ni kwa heshima tu.

Feza ziwe kwa jina la nani? Sheria nambari 004/2001 ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 2001 ndiyo inaongoza mashirika yasiyotafuta faida. Komite iliyozaliwa jana haina utu wa kisheria. Afazali ishikane na parokia ao shirika lenye kartasi zake tayari.

Kuhusu kampani za migodi, tuseme wazi. Zitaombwa kusaidia, na nyingine zitakuja zenyewe na mti mkubwa na picha nyingi. Mpokee. Lakini sheria ya migodi iliyobadilishwa tarehe 9 mwezi wa 3 mwaka 2018 (nambari 18/001) inalazimisha kampani kutoa angalau asilimia 0,3 ya mapato ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mradi, na kutimiza ahadi za cahier des charges. Hiyo ni deni, si zawadi. Mti wa Noeli usiandikwe kesho katika ripoti kama sehemu ya deni hilo. Barua fupi inatosha: "Tumepokea mti mmoja, ni zawadi inje ya cahier des charges." Pande mbili zinatia saini.

Makuta

Hapa ndipo sikukuu nyingi zinakufa. Mwaka wa kwanza watu wanatoa kwa furaha, mwaka wa pili wanauliza: «Makuta yetu iliendaka wapi?» Kama hakuna jibu, hakuna mwaka wa tatu.

Tuchukue mfano. Miti 20, kila mmoja unauzwa dola 50: hiyo ni dola 1.000. Watu 600 wanaingia kwa franga 1.000: hizo ni franga 600.000. Inaonekana nzuri. Lakini ondoa bashi ya kufunika (mvua ya Noeli haiombi ruhusa), viti, sauti, mafuta ya jenereta kwa sababu umeme unaweza kukatika saa ile ya mnada, na walinzi wa usiku. Tunashauri gharama hizi zitafutiwe wafazili kabla, ili kila franga ya tiketi na ya mnada ifike nzima. Kama mwanzoni mwa mwezi wa 12 gharama hazijapata mwenye kuzilipa, punguzeni sikukuu: miti 8 ndani ya darasa la shule, bila jenereta.

Laini ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money iwe ya shirika, isiwe simu ya presidenti wa komite. Watu watatu wahesabu pamoja jioni ileile, na mmoja wao awe mtu wa upande wa wenye kusaidiwa. Wamama wa likelemba wanaweza kazi hii kuliko wengi. Wamezoea kuhesabu mbele ya macho ya wote.

Mchague mwenye kusaidiwa mmoja, na hitaji linaloonekana: vitanda vya pediatri, ao viti vya darasa moja. "Kusaidia watoto" peke yake ni neno pana mno, kila mtu anaweza kujificha ndani yake. Na yatima wasipangwe jukwaani kwa kupigwa picha na wanunuzi. Waje kucheza kama watoto wengine, ao wasije.

Anayetaka kufanya mwaka huu aanze mwezi wa 9: barua, mwenye kusaidiwa, miche. Miti ionyeshwe kuanzia tarehe 5 mwezi wa 12, mnada ufanyike Jumamosi kabla ya Noeli, na miche ipandwe kabla ya Bonane. Hesabu iletwe redioni katikati ya mwezi wa 1, pamoja na kartasi za manunuzi, isomwe hewani, hata kama ni ndogo.