Mesenteri: Utando unaoushikilia utumbo usijisokote

KILA mchinjaji wa mbuzi ameuona utando huu, ingawa ni wachache wanaolijua jina lake. Anapopasua tumbo na kuyatoa matumbo, huyakuta yameshikamanishwa na utando mwororo wenye mafuta, ambao sharti aukate ndipo matumbo yanyooke. Utando wa aina hiyo umo pia ndani ya mwanadamu. Wataalamu wa tiba huuita mesenteri.

Mesenteri ni tishu unganishi, yaani mojawapo ya tishu ambazo kazi yake ni kuvishikilia viungo vingine vya mwili. Imeundwa kwa nyuzinyuzi za kolajeni na mafuta, na kufunikwa pande zote mbili kwa ngozi nyembamba yenye utelezi. Huuning'iniza utumbo kwenye ukuta wa nyuma wa tumbo ili usiporomoke wala kujifunga fundo mtu anapotembea au kuinama. Aidha, mishipa ya damu, neva na mishipa ya limfu inayouhudumia utumbo hupitia humo.

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa takriban mita 6. Hata hivyo, shina la mesenteri yake, pale linapojishikiza mgongoni, lina urefu wa sentimita 15 hivi. Kutoka hapo utando hutanuka mfano wa marinda ya sketi yanayoanzia kwenye ukanda mwembamba wa kiunoni.

Mapema katika karne ya 16, Leonardo da Vinci aliuchora utando huu ukiwa kitu kimoja kisichokatika. Mwishoni mwa miaka ya 1870, mtaalamu wa Austria, Carl Toldt, alieleza kuwa hata sehemu zake zilizolalia ukuta wa tumbo huwa bado zipo. Lakini mnamo 1885 daktari mpasuaji wa Uingereza, Frederick Treves, ambaye mwaka 1902 alimpasua Mfalme Edward VII, alifundisha kwamba utando huo umekatikakatika vipande vipande. Kauli ya Treves ndiyo iliyotawala vitabu vya tiba kwa zaidi ya karne moja.

Mambo yalianza kubadilika mnamo 2012, wakati J. Calvin Coffey wa nchini Ireland na wenzake walipoonyesha kuwa mesenteri ni moja tangu mwanzo hadi mwisho wa utumbo. Mwaka 2016 Coffey alipendekeza ihesabiwe kuwa kiungo kamili cha mwili. Si wataalamu wote waliokubaliana na pendekezo hilo, lakini kuujua vyema utando huu kuna manufaa. Tangu 1982, mpasuaji wa Uingereza, Bill Heald, alikuwa ameonyesha kwamba saratani ya sehemu ya mwisho ya utumbo hurejea kwa nadra zaidi iwapo utando unaoizunguka utaondolewa wote, bila kuchanwa.

Hatari kubwa hutokea utumbo unapojizungusha kwenye utando wake. Mishipa ya damu hunyongwa, na sehemu iliyokosa damu huweza kuanza kufa katika muda wa saa chache. Kwa watu wazima, mara nyingi huathirika kipande cha mwisho cha utumbo mpana, hasa kikiwa kirefu kupita kiasi na shina la utando wake likiwa jembamba. Tatizo hili huonekana zaidi barani Afrika, ikiwemo Afrika Mashariki, kuliko katika nchi za Ulaya Magharibi.

Watoto wachanga nao hawajasalimika. Mtoto akiwa tumboni mwa mamaye, utumbo wake hujizungusha na kutulia mahali pake. Mzunguko huo usipokamilika, shina la mesenteri huwa fupi mno na utumbo huweza kujisokota wakati wowote baada ya kuzaliwa. Mtoto mchanga anayetapika matapishi ya kijani kibichi anafaa kufikishwa hospitalini mara moja.

Neno msokoto wa tumbo hutumiwa na wengi kwa maumivu ya kawaida yanayopita yenyewe, na hapo ndipo penye mtego. Tumbo linapofura na kukaza, maumivu yasipokoma, na mgonjwa akishindwa kwenda haja kubwa au hata kutoa hewa, huo si msokoto wa kungojewa upoe. Kumpa dawa za kuharisha ni kumpotezea wakati na huenda kukamzidishia madhara.

Mgonjwa akiwahi, daktari huweza kuingiza mpira maalumu kupitia njia ya haja kubwa na kuufungua msokoto. Upasuaji hufuata baadaye, kwa kuwa utumbo uliojisokota mara moja huelekea kurudia. Akichelewa na utumbo ukaoza, hakuna budi kuikata sehemu iliyokufa, na hatari ya kupoteza maisha huongezeka maradufu.