Pafu la kupandikizwa na safari ya kuijua hatari mapema

Tarehe 11 Juni 1963, mjini Jackson, Mississippi, daktari wa Kimarekani James Hardy alimpandikiza binadamu pafu kwa mara ya kwanza. Mgonjwa, mfungwa aliyekuwa na saratani, aliishi siku 18, akafa kwa figo kushindwa kufanya kazi.

Miaka 20 iliyofuata ilikuwa ya misiba. Kati ya wagonjwa wapatao 40 waliopandikizwa, mmoja tu, wa Ghent, Ubelgiji, ndiye aliyetoka hospitali, naye hakufikisha mwaka. Kati ya waliovuka siku za kwanza, wengi walifumukiwa mshono uliounganisha mrija wao wa hewa na pafu jipya.

Huko Toronto, Kanada, Joel Cooper na wenzake walitafuta chanzo kwa kufanya majaribio kwa mbwa. Wakagundua kwamba dawa za steroidi, walizopewa wagonjwa ili mwili usilikatae pafu, ndizo zilizozuia mshono kupona. Wakazipunguza, wakategemea dawa nyingine, siklosporini, na mshono wakauzungushia utando wa mafuta wa tumboni, wenye mishipa mingi ya damu. Mgonjwa waliyempandikiza Novemba 1983 aliishi zaidi ya miaka sita.

Wagonjwa walipoanza kuishi, adui mwingine akajitokeza. Mwaka 1984 madaktari wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza jinsi vijia vidogo vya hewa katika mapafu yaliyopandikizwa vinavyozibwa na makovu. Makovu hayo hayafutiki, kwa hiyo ilibidi yatambuliwe mapema.

Kipimo kilichowafaa ni chepesi. Mgonjwa huvuta pumzi hadi kifua kijae, kisha hupuliza kwa nguvu zote ndani ya mashine, na hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza hupimwa. Mwaka 1993 wataalamu walikubaliana kuwa ikishuka chini ya 80% ya kiwango bora cha mgonjwa mwenyewe, bila sababu nyingine, pafu linaharibika. Mwaka 2005 wakaweka madaraja ya kupima madhara ya saa 72 za mwanzo baada ya kupandikizwa, kwa kuangalia oksijeni ya damu. Siku hizi hufuatiliwa pia DNA ya mtoaji wa pafu inayoelea katika damu ya mgonjwa, kwani huongezeka pafu linapoumia.

Vipimo hivi vimetokana na vifo vya waliotangulia. Aliyepandikizwa pafu asikose kupuliza kila anapotakiwa, na namba ikishuka asingoje kikohozi: amwone daktari siku hiyohiyo.