Arubuni

Kwetu arubuni hushikia mali: unatanguliza kidogo, muuzaji hamuuzii mwingine. Mashariki ya Yorkshire, Uingereza, enzi za Malkia Victoria, arubuni ilimshika mtu. Kila Novemba, msimu wa sikukuu ya Mtakatifu Martin, vijana walisimama gulioni. Mkulima akimtia mmoja sarafu mkononi, basi, keshafungwa mwaka mzima. Alikula na kulala kwa tajiri wake. Mshahara? Mwisho wa mwaka.

Akiondoka kabla, ni mtoro. Neno hilo pwani yetu liliwaandama waliokimbia utumwa, nami nasita kumbandika kijana aliyeipokea sarafu kwa mkono wake. Sheria ya 1823 haikusita: kifungo hadi miezi 3, na kazi ngumu. Tajiri akivunja mapatano, kesi ya madai tu! Sheria ililegezwa 1867, jela ikaondolewa 1875.

Na “mwizi” je? Watunza farasi walichota nafaka ya tajiri kwa siri, wakawalisha farasi wa tajiri yuleyule ili wanawiri. Huo ulihesabiwa wizi kamili mpaka sheria ya 1863 ilipoushusha kuwa kosa dogo. Kifungo kilibaki.