Kabla rangi ya Holi haijawa ya dukani

Neno rangi lilitufikia pwani likiwa limekwishasafiri mbali. Waajemi walisema rang, Wahindi wakalichukua hivyo hivyo, nasi tukalitilia irabu mwishoni likakaa. Katika miji ya kaskazini mwa India, siku ya Holi ndilo neno linalosikika kila kichochoro, tangu watoto wanapotoka na mabomba yao ya kurushia maji hadi mchana, watu wazima wanapoingia ndani kujisugua.

Sikukuu hii ya Wahindu huangukia mwezi mpevu wa Phalguna, kati ya mwisho wa Februari na Machi. Kalenda yao hufuata mwandamo wa mwezi, ila kila baada ya miaka miwili au mitatu huongezewa mwezi mzima ili isiachane na majira. Ndiyo maana Ramadhani, ambayo kalenda yake haiongezewi mwezi, huzunguka mwaka wote, lakini Holi huwakuta wakulima palepale kila mwaka: baridi imekwisha, ngano inakaribia kuvunwa.

Huanza kwa moto. Usiku wa kuamkia siku ya rangi huwashwa kuni kukumbuka kisa cha Prahlada, mtoto aliyekataa kumwabudu baba yake, mfalme Hiranyakashipu aliyejiona mungu. Holika, shangazi yake mtoto, alikuwa na kinga ya moto. Akampakata, akaketi naye katikati ya kuni zinazowaka. Prahlada akatoka mzima, shangazi akateketea, na jina la Holi likatokana na lake. Wahindu wengi wa Afrika Mashariki wana asili ya Gujarat, na moto wao una mambo yake: nazi hutupwa motoni, kisha huvutwa kwa fimbo zikiwa zimeungua kifuu, zikapasuliwa na kugawiwa. Watu hula bisi, tende na dengu za kukaanga. Mtoto anayeiona Holi yake ya kwanza hubebwa akazungushwa kwenye moto huo.

Rangi ni ya kesho yake, na ina kisa kingine. Mungu Krishna alikuwa mweusi, mpenzi wake Radha mweupe, na mvulana akaenda kumlalamikia mama yake kuhusu tofauti hiyo. Mama akamwambia nenda kampake rangi uipendayo. Kijiji anakosemekana kutoka Radha ni Barsana, karibu na Mathura, na huko hadi leo wanawake huwatandika kwa fimbo wanaume wanaokuja kutoka Nandgaon, nao hujikinga kwa ngao vichwani. Aliyewahi kuwaona wanaume wa Makunduchi wakipigana kwa migomba katika sikukuu ya Mwaka Kogwa, kule Zanzibar, hatashangaa sana.

Lakini rangi yenyewe ilitoka wapi? Kwa karne nyingi ilitoka mtini. Mpalasha, ambao wengine huuita tesu au dhak, huangusha majani kisha, Holi inapokaribia, hufunika matawi yake matupu kwa maua ya rangi ya kaa la moto. Watu waliyaokota, wakayakausha, wakayaloweka usiku kucha au kuyachemsha. Asubuhi maji yanakuwa ya chungwa lililoiva, mepesi, na yakikauka mwilini hayachomi. Njano ilitoka kwenye manjano, kiungo kilekile kilichoipa rangi hiyo jina lake katika Kiswahili. Bluu ilitoka kwenye nili. Wenye fedha walitia zafarani.

Mchezo huu si wa jana. Katika karne ya 7 mfalme Harsha aliandika tamthilia ya Ratnavali, na humo wakazi wa mji wa Kaushambi wanarushiana maji na unga wa rangi mpaka hewa inabadilika. Wafalme wa Mughal, waliokuwa Waislamu, hawakuikimbia. Michoro ya zama zao inamwonyesha mmoja wao, Jahangir, akiicheza pamoja na wanawake wa kasri lake, na jina mojawapo lililotumika ni Idi ya Waridi.

Mambo yaligeuka mwaka 1856, London, katika maabara ya kijana wa miaka 18. William Henry Perkin alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini ya kutibu malaria. Malaria haikupata dawa siku ile. Alichopata ni zambarau iliyotokana na lami ya makaa ya mawe, rangi ya kwanza ya kiwandani kufanya biashara kubwa. Wajerumani wakafuata, na mwaka 1897 kampuni ya BASF ikaanza kuuza nili ya kiwandani. Mashamba ya nili ya India yakaporomoka kwa muda mfupi. Na kidogo kidogo, kwa kuwa unga wa dukani ni rahisi, unang'aa na hauhitaji mtu aende msituni, mpalasha ukaachiwa ndege.

Hapa ndipo lawama zangu zilipo. Holi haikuwa mchezo wa hatari. Hatari iliingia ndani ya pakiti, kwa sababu rangi nyingi zilizofika sokoni zilitengenezwa kwa ajili ya vitambaa, ngozi na mitambo, wala hakuna aliyewaza kwamba zitapakwa shavu la mtoto. Wachunguzi wa India wamewahi kutaja risasi katika unga mweusi, zebaki katika mwekundu na mrututu katika wa kijani. Mrututu! Mkulima wa kahawa au zabibu anaujua: ni dawa ya ukungu, naye huupulizia mimea huku amejifunga uso. Machi 2012 watoto wengi wa Mumbai walikimbizwa hospitali baada ya kucheza na rangi yenye sumu, na mvulana mmoja akafariki.

Unga wa wanga ni salama zaidi kwa ngozi, na siku hizi ndio msingi wa unga mwingi mzuri. Nao una tabia yake. Unga wowote mkavu unaoweza kuungua ukitimuliwa hewani kwa wingi huweza kulipuka kama gesi. Juni 2015 huko Taiwan, kwenye tamasha la muziki lililoiga michezo ya rangi, wingu la wanga wa mahindi lilishika moto. Watu 15 walifariki na mamia wakaungua. Basi wale wanaoandaa mbio za rangi katika miji yetu waweke sigara, majiko na taa zenye joto kali mbali na unga, na wasiupulize kwa mashine.

Nyumbani mambo ni mepesi. Changanya manjano na unga wa dengu, sehemu moja kwa mbili, umepata njano. Chemsha viazi vyekundu vya saladi, ile bitiruti, umepata waridi. Kabla ya kutoka jipake mafuta ya nazi usoni, masikioni, kwenye nywele na kucha. Rangi itakaa juu ya mafuta badala ya kuzama. Vua lenzi za macho. Mwenye pumu acheze na maji, aachane na unga. Ukirudi nyumbani usijisugue kwa mafuta ya taa, kwani ngozi itaumia kuliko ilivyoumizwa na rangi.

Kuna kinywaji cha siku hiyo, maziwa yaliyotiwa lozi na viungo, ambamo wengine hutia majani ya bhang. Naam, ndiyo bangi yetu; neno hilo nalo lilivuka bahari, ila huku sheria inalisubiri bandarini. Vilevile kuna msemo wa Kihindi unaomaanisha usikasirike, leo ni Holi. Ni msemo mzuri mdomoni mwa rafiki. Wanawake wa India wamelalamika miaka mingi kwamba wahuni huutumia kama kibali cha kuwashika, na wana haki.

Picha ya Holi ninayoipenda haina umri mrefu. Vrindavan ni mji wa wajane, wanawake waliovalishwa nyeupe na kukatazwa rangi tangu walipofiwa na waume zao. Tangu mwaka 2013 shirika la Sulabh International limekuwa likiwaandalia Holi, na vikongwe hao hurushiana petali za maua na unga kwa makonzi. Nguo zao nyeupe huonyesha kila kitu. Kesho yake huzifua, lakini waridi hubaki kwenye mshono wa shingo na nyuma ya masikio, siku mbili tatu, hata wakiwa kwenye sala.