Mlo usio na nyama: Githeri ya Tassia na jamaa zake duniani

GITHERI ni mchanganyiko wa mahindi na maharagwe yaliyochemshwa hadi yakaiva, na ni miongoni mwa vyakula visivyo na nyama vinavyoliwa sana nchini Kenya. Jina lenyewe limetokana na lugha ya Kikuyu.

Katika mtaa wa Tassia, Embakasi, jijini Nairobi, kama ilivyo katika mitaa mingine ya Eastlands, githeri huuzwa ikiwa imekwisha kuchemshwa. Mnunuzi hupimiwa kiasi anachokimudu, kisha huenda kuikaanga nyumbani kwa vitunguu na nyanya. Kwa njia hiyo huepuka gharama ya makaa au gesi ya kuchemshia kwa saa kadhaa.

Wengi walao mlo huu hawajaapa kuacha nyama. Bei ndiyo iliyowazuia. Swali kuu kwao ni iwapo sahani isiyo na nyama yaweza kuujenga mwili wa mtoto. Kwa upande wa protini, jibu ni ndiyo, kwa sharti moja: vyakula vya jamii ya kunde visikosekane.

Nafaka na kunde

Protini huundwa kwa asidi za amino, na baadhi yake mwili hauwezi kujitengenezea. Mahindi yana upungufu wa asidi iitwayo laisini, ambayo imo kwa wingi katika maharagwe. Maharagwe nayo yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi huichangia. Kila kimoja hufidia upungufu wa mwenzake, na si lazima viliwe katika sufuria moja. Yatosha vikiliwa siku hiyo hiyo.

Jamii nyingi duniani zilifikia mseto huo kabla ya sayansi kuueleza. Wahindi wana khichdi, yaani mchele na dengu zilizopikwa pamoja. Wamisri hula kushari, ambayo ni wali, kamande na makaroni. Waethiopia huila injera ya nafaka ya teff kwa shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu au mbaazi, hasa katika siku za mfungo wa Kanisa la Kiorthodoksi ambapo nyama, maziwa na mayai huachwa. Katika pwani ya Kenya, mahamri huliwa kwa mbaazi za nazi. Vibanda vya Tassia navyo huuza chapati kwa ndengu, mapishi yenye asili ya Kihindi.

Asili ya mbegu

Mahindi na maharagwe ya kawaida yote yalitoka bara la Amerika, yakaenea kwingineko baada ya safari ya Christopher Columbus ya 1492. Nafaka za asili ya Afrika ni kama vile mtama, wimbi na mawele. Kunde pia ni za bara hili.

Nchini Mexico, mahindi huchemshwa kwa maji ya chokaa kabla ya kusagwa. Chokaa huifungua niasini, aina ya vitamini B, ili mwili uweze kuitumia. Mahindi yalipohamia Ulaya bila ujuzi huo, maskini walioyategemea pekee walipatwa na pelagra, ugonjwa unaotokana na upungufu wa niasini.

Mboga za majani zina historia yake. Mnavu (managu), mgagani (saga) na mchicha (terere) zilidharauliwa kwa miaka mingi kuwa chakula cha maskini. Utafiti wa Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha JKUAT ulisaidia kuzirejeshea hadhi. Mnamo 2021, UNESCO iliutambua mpango wa Kenya wa kuhifadhi vyakula vya kiasili kuwa mfano mwema wa kuigwa.

Tahadhari

Maharagwe mekundu yasiyoiva yana sumu inayosababisha kutapika na kuhara. Yalowekwe kwa saa zisizopungua tano, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu kabla ya moto kupunguzwa. Magadi huharakisha kuiva, lakini huharibu vitamini B1.

Mahindi yenye ukungu yasiliwe hata kidogo. Mnamo 2004, sumu ya aflatoksini iliua watu 125 katika eneo la mashariki mwa Kenya. Kupika hakuiondoi.

Chai inywewayo pamoja na mlo hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa mwilini; nyanya na ndimu huyaongeza. Vitamini B12 haipatikani katika mimea. Asiyetumia maziwa wala mayai huhitaji chakula kilichoongezwa vitamini hiyo au vidonge.

Hatari kubwa zaidi huwa pale bei inapoondoa hata maharagwe, ikabaki sima na sukuma wiki siku baada ya siku. Sahani hiyo hushibisha, ila protini yake ni haba. Bakuli la ndengu, kunde au maharagwe ndilo linalostahili kununuliwa kwanza.