Jembe, Bunduki na Lugha: Mkulima wa Afrika Mashariki katika Vita Vikuu Viwili

Historia ya kuenea kwa Kiswahili barani kwa kawaida huelezwa kwa kuwataja wafanyabiashara wa misafara, wamisionari, makarani na walimu. Ni nadra kutajwa mkulima wa kijijini aliyeliacha jembe, akaenda vitani, kisha akarejea kwenye jembe lilelile. Mhadhara huu unakusudia kumrejesha mtu huyo katika nafasi anayostahili. Alichopata kwa utumishi wake kilikuwa kidogo, na ardhi haikuwamo. Hata hivyo, alirudi na lugha, na lugha hiyo ndiyo iliyohifadhi sehemu kubwa ya kumbukumbu yake.

Katika Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza na Wajerumani walipigana katika nchi isiyokuwa na reli wala barabara za kutosha, ambamo mbung'o waliangamiza farasi, nyumbu na ng'ombe. Mzigo ukahamia kichwani mwa mkulima. Vijana waliandikishwa, wengi wao kwa kulazimishwa, ili wabebe chakula na risasi. Kwa hesabu ya Waingereza wenyewe, wapagazi wao zaidi ya 40,000 walikufa, na waliouawa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, lilipopita katika vinywa vya watu likawa Kariakoo. Mpaka leo jina hilo lipo Dar es Salaam, na Nairobi lipo kwa umbo la Kariokor. Sanamu za askari zilizosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 na Nairobi mwaka 1928 zina maandishi ya Kiswahili, lakini hazikuandikwa jina la mpagazi hata mmoja.

Malipo nayo hayakuwa sawa. Mwaka 1919, katika nchi ambayo leo ni Kenya, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwagawia ardhi Wazungu waliotoka vitani. Mkulima Mwafrika hakupata shamba, bali alipata kipande, yaani cheti cha kuandikishwa ambacho mwanamume alilazimika kutembea nacho kila aendako. Neno la kawaida lililomaanisha sehemu ya kitu likabeba maana mpya na chungu.

Vita Vikuu vya Pili vilimpeleka mkulima huyo mbali zaidi: Somalia, Ethiopia, Madagaska na hatimaye Burma. Kenya peke yake ilitoa takriban watu 98,000. Tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail, iliyokuwa safarini kutoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, wakiwamo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Mwaka huohuo, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita katika bonde la Kabaw wakati wa masika, katika matope na malaria, ikaelekea mto Chindwin.

Katika vikosi vya King's African Rifles walichanganyika Wakamba, Wanandi, Wayao na watu wa makabila mengine mengi. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili cha jeshini, kilichoitwa Kikeya kwa kufuata matamshi ya herufi K.A.R. Katika lugha hiyo upatanisho wa ngeli ulipunguzwa, na ukanushi mara nyingi ulifanywa kwa neno moja tu, kama katika "hapana taka" badala ya "sitaki". Wakati huo Kamati ya Lugha, iliyoundwa mwaka 1930, ilikuwa ikisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Mbele ya kipimo hicho, Kikeya kilionekana kuwa lugha iliyoharibika. Lakini lugha ambayo kwayo mtu aliamrishwa, akafarijiwa na kuwazika wenzake, haielezeki kwa kuhesabiwa makosa yake tu.

Miongoni mwa waliorudi alikuwamo Waruhiu Itote, mzaliwa wa Nyeri aliyeingia jeshini mwaka 1942 akapigana Burma. Baadaye aliingia msituni katika vita vya Mau Mau, akajulikana kwa jina la Jenerali China, na akakamatwa mwaka 1954. Kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 1967. Lakini waliofuata njia yake hawakuwa wengi. Wengi walirudi shambani kimya kimya, huku Wazungu waliotoka vitani wakitengewa tena mpango wa makazi katika ardhi ya nyanda za juu.

Mwaka 1967 pia ulichapishwa Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, wenye beti zipatazo 3,000. Hiyo ni kazi kubwa, lakini mtunzi wake alikuwa karani aliyevitazama vita hivyo kutoka Tanganyika. Mkulima aliyekuwa Burma hakuacha utenzi. Aliacha maneno na masimulizi ya jioni.

Wakongwe hao sasa ni wachache mno, na wanaowakumbuka ni watoto na wajukuu wao. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiswahili anapokutana na Kikeya katika kinywa cha mzee au katika masimulizi ya ukoo, asianze kwa kukisahihisha. Akiandike kama kilivyosemwa, kisha aulize ni wapi kilikojifunzwa na ni kwa gharama gani.